Kuwaza Mema na Kuwaza Mabaya Juu ya Kesho Yetu

(Mada iliyosomwa na mmoja wa walimu wakimbizi, kwa niaba ya wenzake, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Kambi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, Malawi)



Kamati ilitupa sisi walimu dakika ishirini, ikatupa na kichwa cha mada: "Kuwa na mawazo mema juu ya maisha ya baadaye." Tulikaa katika chumba cha walimu tukakitazama kichwa hicho, tukaona kina upungufu. Mawazo mema tunayo tele. Kila mwaka, siku kama ya leo, tunahimizwa kuwa na tumaini, tunapiga makofi, ngoma inalia, kisha kila mtu anarudi kwake na ndoo yake. Kwa hiyo tuliomba ruhusa ya kuongeza neno, na Mwenyekiti alitukubalia. Tutazungumza juu ya kuwaza mema pamoja na kuwaza mabaya, na namna ya kuviweka vyote viwili katika kichwa kimoja bila kichwa hicho kupasuka.

Kwanza tuangalie hapa tulipokaa. Kabla ya mwaka 1994 hapa palikuwa gereza. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda waliletwa hapa watu waliofungwa kwa ajili ya siasa, na jina lenyewe, Dzaleka, wenyeji wanavyotueleza, lina maana iliyo karibu na "sirudii tena." Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilikadiriwa kuchukua watu kama 10,000 au 12,000. Kufika 2023 tulikuwa tumepita 50,000. Na mahali hapo hapo palipokuwa gereza, mwaka 2014 mkimbizi mwenzetu alianzisha tamasha akaliita kwa Kiswahili, Tumaini, na tangu hapo watu wametoka Lilongwe na hata ng'ambo kuja kututazama tukicheza. Anayesema kwamba hapa hakuna jema linaloweza kutokea, huyo amekosea. Anayesema kwamba sasa hapa ni pazuri, naye aje atutembelee mwezi wa Januari, mvua ikishaloweka matofali mabichi na ukuta ukilala chini usiku.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa nchi yake wa kupokea wakimbizi, na amri hiyo ikaanza kufanya kazi tarehe 27. Juma hilo hilo kule kwetu Kongo mji wa Goma ukaingiwa na M23, na kabla ya Februari kwisha, Bukavu nao. Mkimbizi huambiwa kuwa ana milango mitatu: kurudi kwao, kuhamishiwa nchi ya tatu, au kukaa na kufanya maisha pale alipokimbilia. Katika muda wa mwezi mmoja tuliona miwili ikifungwa mbele ya macho yetu, na wa tatu wote tunaujua jinsi ulivyo mwembamba.

Turuhusiwe kutoa mfano wa nyumba yetu wenyewe, maana si vizuri mwalimu kutoa mfano wa jirani ilhali anao wake. Tulikuwa na kesi ya safari kwa miaka mingi. Tulihojiwa, tukahojiwa tena, tukapimwa afya, mwishoni tukaambiwa tukae tayari, kwamba ni mwisho wa Januari. Tukakaa tayari kweli kweli. Sufuria tukazigawa, ndoo tukazigawa, kuku watano tukawaacha kwa mama mmoja wa Katubza, godoro tukampa ndugu mmoja ambaye leo hatutamtaja kwa kuwa yumo hapa uwanjani. Darasa la nane tuliliaga, watoto wakatuimbia. Lakini jambo kubwa kuliko yote hayo lilikuwa limetokea miezi miwili kabla. Mvua za Novemba zilipoanza, hatukupanda. Kile kishamba tulichokuwa tukikikodi kwa mwenyeji kila mwaka tulikiacha, kwa sababu tuliulizana nyumbani: tupande, atavuna nani?

Ujumbe ulikuja kwa simu. Maneno yake yalikuwa machache: safari imefutwa, subirini taarifa. Jioni hiyo hiyo sufuria zilianza kurudi, hata hatukuziomba. Majirani walizileta moja moja, wengine na unga ndani yake, na hakuna aliyesema neno. Tangu tumekuwa wakimbizi hatujaona heshima kama ile. Kuku walirudi wanne. Godoro bado.

Jumatatu yake tuliingia darasani. Watoto walinyamaza, halafu kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo mtu anaweza kufaulu kila kitu na bado akakataliwa?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutamjibu siku nyingine, tukaandika hesabu ubaoni. Mada hii ndiyo jibu lake. Yeye ameshafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo tunajua tumechelewa.

Tulipokaa na kujichunguza, tuliona kwamba kosa letu halikuwa kutumaini safari. Nani asingetumaini? Watu tunaowajua walikuwa wameondoka kabla yetu, wanatupigia simu kutoka huko. Kosa letu lilikuwa lile shamba. Tulilifanya tumaini likaushika mkono uliopaswa kushika jembe. Kama tungepanda, na safari ikaja, angevuna jirani, na hasara yetu ingekuwa mbegu na mbolea tu. Hatukupanda, safari haikuja, na mwaka ule tulinunua mahindi kwa bei ya kila mtu, huku msaada wa chakula ukiwa hautoshi. Mahesabu haya yanafanywa na mtoto wa darasa la nne. Sisi na vyeti vyetu vya ualimu hatukuyafanya, kwa sababu tuliona kuwa kuyafanya tu ni kuikosea imani, kana kwamba Mungu atatuona na jembe aseme: "Hawa hawaniamini."

Na hapa tunaomba wachungaji na mashehe watusamehe tukisema neno moja. Tunawaheshimu, na bila ninyi wengi wetu tusingekuwa hai. Lakini tusiambiwe kila mwezi wa kwanza kwamba mwaka huu ndio mwaka wa kuvuka.

Chuoni tulisoma saikolojia kidogo. Kuna daktari mmoja wa Vienna, Viktor Frankl, Myahudi, ambaye Wanazi walimfunga katika kambi zao, akatoka hai mwaka 1945, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Msituelewe vibaya, hatulinganishi kambi yetu na zile. Zile zilijengwa ili watu wafe. Lakini jambo moja aliloandika linatuhusu. Anasema mganga wa kambi alimweleza kuwa kati ya Krismasi ya 1944 na mwaka mpya wa 1945 watu walikufa kwa wingi usio wa kawaida, na kazi ilikuwa ile ile, na chakula ni kile kile, wala hapakuingia ugonjwa mpya. Sababu, kwa maoni ya mganga huyo, ni kwamba wengi walikuwa wamejiambia kuwa Krismasi itawakuta nyumbani. Krismasi ikaja, ikapita. Anasimulia pia habari za mfungwa mwenzake aliyeota kwamba vita vingewaishia tarehe 30 Machi. Siku zilipokaribia na habari za vita zikawa si nzuri, mtu huyo akaugua ghafula, na tarehe 31 akafa.

Tumaini lililofungwa kwenye tarehe ni hatari kwa mwili. Sisi hapa tunazijua tarehe. Zinazaliwa kisimani asubuhi, zikifika sokoni zimeshakuwa na miguu, jioni zinaingia nyumba kwa nyumba kutoka Likuni mpaka Kawale: mwezi wa tisa wanafungua, tarehe kumi na tano majina yanabandikwa, kuna nchi nyingine mpya inachukua watu. Ukiuliza nani kasema, ni mtu aliyesikia kwa mtu. Na wapo wanaokula kwa tarehe hizo, wanaokuuzia fomu na kukuahidi kuisogeza kesi yako. Mashirika yamesema mara nyingi kwamba huduma hizi hazilipiwi, na sisi tunarudia.

Lakini, ndugu zetu, kuna waliojifunza somo la kinyume, na kwa maoni yetu hao wameumia zaidi. Hao ni wale wanaojibu kila kitu kwa maneno mawili: "Hakuna kitu." Shule? Hakuna kitu. Mafunzo ya ushonaji? Hakuna kitu. Mkutano wa kamati? Wanacheka. Wanajiona ndio wenye akili kambini, kwa sababu wao hawadanganyiki tena.

Tusiwadharau, maana hoja zao zina uzito. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti ya kutofungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwamo vya ajira na vya uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na mwezi wa Mei wengi wakaletwa kwa nguvu. Tuliwapokea hapa, wengine na nguo za mwilini tu, na watoto wao tukawaongeza katika madarasa ambayo tayari yalikuwa yamejaa mpaka madirishani. Kijana aliyeyaona hayo akikuambia kuwa cheti hakitampa kazi, huwezi kumwambia anaota.

Ila tunamwuliza swali moja. Wewe unayesema hakuna kitakachofanikiwa, umeijuaje kesho? Yule mwenye tarehe anajidai kuijua kesho, na wewe pia unajidai kuijua. Mmekaa pande mbili lakini kiti chenu ni kimoja. Mwaka 2010 yalianza hapa masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, kupitia kwa Wajesuiti. Dzaleka ilikuwa miongoni mwa kambi za kwanza kabisa kujaribiwa, pamoja na Kakuma ya Kenya. Mwaka 2005 nani angelisema hilo hapa asichekwe? Na mlango ule ulipofunguliwa waliweza kuingia wale waliokuwa wamemaliza sekondari. Wale walioacha shule njiani kwa sababu "hakuna kitu" walisimama nje wakaona kweli hakuna kitu, na wakarudi nyumbani wakisema: "Si niliwaambia?"

Kuna jirani yetu mmoja, mtu mwema sana, mcheshi. Choo chake kilijaa zamani. Tukimwambia achimbe kingine anasema: "Nichimbe cha nini, sisi tunaondoka." Amesema hivyo tangu 2016. Baada ya Januari 2025 tulimwendea tena, tukijua kwamba sasa atachimba. Akasema: "Nichimbe cha nini, maisha yenyewe yamekwisha." Angalieni vizuri. Mawazo yamegeuka kabisa, kutoka mema matupu kwenda mabaya matupu, na choo ni kile kile. Jumamosi moja vijana wa sehemu yetu walimchimbia, naye akawapikia chai. Tumemwomba ruhusa ya kusimulia habari hii, akakubali kwa sharti kwamba tuseme chai ilikuwa na sukari. Ilikuwa nayo.

Yuko mtaalamu wa saikolojia wa Kijerumani, Gabriele Oettingen, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Aliwafuata vijana waliokuwa wakimaliza chuo kikuu na kutafuta kazi. Wale waliozoea kujiburudisha kwa ndoto tamu za kazi nzuri, baada ya miaka miwili walikuwa wametuma barua chache za maombi, wakapata nafasi chache, na mishahara yao ikawa midogo. Ndoto ile iliwashibisha kabla ya chakula. Lakini yeye hasemi watu waache kuota. Anachoshauri ni kwamba ukishaliona unalolitamani, hapo hapo utazame kitu gani ndani yako au mbele yako kitakuzuia, halafu uamue utafanya nini kikitokea. Na aliona jambo jingine ambalo sisi tunaliona kuwa la thamani kwa wakimbizi: mtu akifanya hivyo akakuta kizuizi ni kikubwa mno, kinamzidi, anaweza kuliachia lile jambo bila kuvunjika, nguvu zake akazipeleka pengine.

Tulijaribu hilo na darasa la nane. Kila mtoto alichukua ukurasa wa daftari akaupiga mstari katikati. Kushoto aandike anachokitamani mwaka ujao, kulia kinachoweza kumzuia, na chini kabisa jambo moja la kufanya juma hili. Kushoto hatukushangaa sana: ndege, ndege, udaktari, ndege, mpira, baba arudi. Upande wa kulia ndio uliotufanya tukae chini. Watoto wanajua. Wanajua bei ya unga, wanajua kesi za wazazi wao zimekwama wapi, wanajua nani nyumbani halali usiku. Sisi watu wazima tunanong'ona gizani tukidhani tunawaficha.

Msichana mmoja aliandika kushoto: "Kufaulu kwenda sekondari." Kulia akaandika: "Mama akiugua tena mimi ndiye wa kuchota maji na kukaa na watoto." Chini akaandika: "Nitamfundisha mdogo wangu kuchota maji kwa ndoo ndogo, na nitamwambia shangazi kabla mama hajaugua." Hatukumwongezea kitu. Mama yake aliugua kweli, mwezi wa pili wa muhula. Msichana alikosa siku tatu tu. Mwaka uliotangulia, ugonjwa ule ule ulimtoa shuleni majuma sita.

Na yule kijana wa nyuma? Kushoto aliacha wazi. Kulia alijaza ukurasa mzima. Tulimwita pembeni, hatukumhubiria. Tulimwonyesha daftari letu wenyewe, maana na sisi tulikuwa tumeandika. Kushoto: "Safari." Kulia: "Haiko mikononi mwetu." Chini: "Kukodi shamba tena kabla ya Oktoba." Akasoma, akauliza kama bado tunaitaka ile safari. Tukasema tunaitaka. Akauliza, na mahindi? Tukasema na mahindi. Alikaa kimya, halafu akaandika kushoto neno moja, kwa penseli, jepesi, la kufutika. Hatutalisema hapa, ni lake.

Kwa hiyo, kijana, kama unatusikia: ndiyo, mtu anaweza kufaulu kila kitu na bado akakataliwa. Sisi tulifaulu mahojiano yote. Tusingeweza kukuambia vinginevyo na wewe uliziona sufuria zetu zikirudi.

Neno fupi kwa wageni wetu wa mashirika. Tunajua kwamba ninyi nanyi mmepoteza. Baadhi ya wenzenu tuliofanya nao kazi miaka mingi waliachishwa mwaka ule ule, wakaja kutuaga huku wakilia. Hatuna lawama ya kuwapa leo. Tuna ombi. Habari mbaya ikiwapo, tuambieni mapema, na mtuambie yote mnayoyajua. Mgao ukipunguzwa, tujue kabla ya siku ya mgao, ili mama apime unga. Maneno kama "mchakato unaendelea" na "muwe na subira" tumeyasikia mpaka watoto wanayatumia katika michezo yao, mmoja anakaa nyuma ya boksi, wengine wanapanga foleni. Mtu akiambiwa "hapana" leo, atalia leo, kesho atatafuta jembe. Mtu akiambiwa "bado" kwa miaka tisa, hawezi kulia wala kutafuta jembe.

Na kwa wazazi wenzetu: tusiwatoe watoto shuleni kwa sababu kesi imesogea, wala kwa sababu kesi imekufa. Mwaka jana tulipoteza watoto kwa sababu zote mbili, na baadhi yao walitoka nyumba moja.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tunawaomba wazazi wa darasa la saba na la nane waje shuleni. Tutafanya nao lile zoezi la mstari katikati. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake amwandikie; kwa kweli hao ndio tunaowataka zaidi. Daftari zipo, kalamu ni chache, mwenye nayo aje nayo. Saa nne tutakwenda pamoja kumwona mwenyeji mwenye mashamba ya kukodisha, kabla wengine hawajatutangulia.

Na yule ndugu mwenye godoro letu asikae nyuma akiona haya. Tumeshapata jingine. Aje tu Jumamosi.